Kumbukumbu ya mradi: stoku ya butiki ya yaya, wiki ya tatu

Kwa wale hawakusoma mwanzo: yaya yangu (mkubwa wangu kwa kuzaliwa) iko na butiki huku Lubumbashi, mu Katuba, kila magaribi ananitumia ku telefoni listi ya vitu aliuza, mimi naiingiza mu ordinateri na skripti ya bash (listi ya amri zile ordinateri inafuata) inatoa stoku ile inabakia. Nilisema ni kazi ya wikendi moja, angalia sasa.

Juma tatu. Skripti inadai tuko na sabuni aina tatu: Savon, savon na SAVON. Bon, ile naelewa, yaya anaandika vile kidole kinaenda, na mtoto wake akishika telefoni anaandika yote kwa herufi kubwa kama mutu anagomba. Nikaweka tr '[:upper:]' '[:lower:]', amri ya kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, sabuni zikakuwa moja, nikaenda kula bukari yangu na roho safi. Kurudia kuangalia:

4 éponge
12 Éponge

Mtoto alikuwa ameandika ÉPONGE. tr ilishusha herufi zote ikaacha É peke yake kule juu kama shefu. Ni ju tr ya GNU (ile ya Linux) inafanya kazi bayiti moja moja (bayiti ni namba ndogo ile ordinateri inatumia kuweka herufi), na mu UTF-8 (namna ya kuweka herufi za luga zote kwa namba) ile É iko bayiti mbili, 195 na 137, kwa hiyo haiioni kabisa kama herufi. Nikatupa tr, nikachukua amri ingine ya kubadilisha maandishi, sed 's/.*/\L&/', hiyo aksenti inazijua, lakini inaomba lokali ya mashini (mipangilio yake ya luga na nchi) ikuwe ya UTF-8, na hapo njo nilijiingiza mu shida ya kesho yake.

Juma ine. Kuranti ilienda na betri ya laptopu ikakufa, ilivyorudi nikamalizia kazi ku ordinateri ya zamani ya nyumba. Faili ni ile ile, skripti ni ile ile, na comm, amri ya kulinganisha faili mbili, inalalamika faili ya kwanza haijapangwa. Haijapangwa namna gani na nimeipanga na sort (amri ya kupanga mistari) mimi mwenyewe!! Nilipoteza karibu masaa mawili, nikafungua faili zote mbili pembeni kwa pembeni mpaka macho yakauma, kiisha nikaandika tu locale ku kila mashini: laptopu inasema fr_FR.UTF-8, ile ya zamani inasema POSIX, lokali ya msingi isiyo na luga yoyote. Laptopu inapanga kama kamusi ya Kifaransa, éponge inakaa kati ya dentifrice na farine. POSIX inaangalia namba za bayiti tu: herufi kubwa zote mbele (A ni 65), ndogo zinafuata (a ni 97), na éponge inatupwa nyuma ya z. Kila mashini iko na haki kwake, mimi njo nilizichanganya.

Kisha bei. Yaya anaandika dola na nukta, 2.5, na printf "%.2f", amri ya kuandika namba na desimali mbili, ku laptopu inakataa inasema namba haifai, kiisha inatoa 2,00. Mu Kifaransa desimali ni koma, nukta haitambui, inaishia pa 2. Nusu dola inapotea ku kila katoni na mimi nilikuwa nashuku mtoto wa watu.

Dawa niliyoweka: juu kabisa ya skripti, export LC_ALL=C.UTF-8 (C ni jina lingine la POSIX). LC_ALL ni lokali ya kila kitu, inapita LC_COLLATE (mpangilio), LC_NUMERIC (namba) na LANG (lokali ya kawaida) zote, kwa hiyo hesabu na mpangilio ni mamoja ku kila mashini, na sed bado inashusha É.

(Nilichungulia pia mu /usr/share/i18n/locales, kule Linux inaweka lokali, kama kuna Kiswahili chetu. Iko sw_KE (Kenya) na sw_TZ (Tanzania). Lingala yenyewe iko na ln_CD (CD ni Kongo). Sisi hapana.)

Juma tano. Nikamtumia yaya listi mpya, anapiga telefoni: «We, éponge zimeisha? Nazo nimeona katoni hapa.» Hazikuisha, ziko chini kabisa baada ya vinaigre, yeye anatafuta pa E anaacha. Basi mstari wa mwisho wa skripti, ule wa kumtumia yaya tu, nimeubadilisha:

LC_ALL=fr_FR.UTF-8 sort stoku.txt

Bado shida ya flashi. Niliweka Stoku.txt ya juma mosi, kiisha stoku.txt ya leo, na kwa FAT32 (namna flashi inapanga faili, haitofautishi herufi kubwa na ndogo mu majina) hizo ni jina moja, ya leo ikafunika ya juma mosi. Kesho nitaanza na hapo kama kuranti iko.