Nilivyonunua Nyumba Kijijini Bila Hati ya Mshahara

Nyumba ninayoishi leo ina vyumba vitatu, kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati la geji 30 na mwembe mmoja mkubwa upande wa jua linakotua. Niliinunua mwanzoni mwa mwaka 2023 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, kwa shilingi milioni 14, na ushei ambao sikuuhesabu vizuri wa nauli, nakala na mihuri. Sina mume, sina mwajiri, na haijawahi kutolewa hati ya mshahara yenye jina langu, kwa kuwa ninaishi kwa korosho na kwa cherehani. Nimeamua kuandika kwa sababu watu wengi walinihakikishia kwamba mtu wa namna yangu hawezi kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, bali ajenge tofali kwa tofali kwa miaka kumi au auze shamba alipe taslimu. Ushauri huo uliniudhi wakati ule na unaniudhi hadi sasa, hasa huo wa kuuza shamba, kwani shamba ndilo lililonilipia nyumba.

Nilianzia benki, kama ambavyo kila mtu angeanza. Kijana wa mikopo alinipokea kwa heshima, akaniuliza, "Mama, una hati ya mshahara ya miezi mitatu?" Nikamjibu, "Sina, mwanangu, mimi ni mkulima." Akauliza kama nyumba ninayoitaka ina hati. Nilimwambia kwamba ina hati ya hakimiliki ya kimila, iliyotolewa na kijiji na kusajiliwa wilayani, na hapo niliona kalamu yake ikisimama. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, hati hiyo ni haki kamili ya kumiliki ardhi na inaweza kuwekwa dhamana. Wakopeshaji wengi, hata hivyo, huiogopa, kwa kuwa mkopaji akishindwa kulipa, ardhi ya kijiji haiuziki kwa mtu yeyote wa mbali bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Ni kweli kwamba tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na tangu kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC inayozipatia benki fedha za muda mrefu, kuna mikopo ya nyumba inayolipwa kwa miaka 15, 20 na hata 25. Lakini masharti yake yanamtazama mwajiriwa mwenye kiwanja kilichopimwa mjini. Sikumlaumu yule kijana. Nilichokosa ni mtu wa kunieleza, siku ile ile, kwamba nimegonga mlango usio wangu, kwani niliurudia mara tatu.

Wakati nikihangaika hivyo, familia iliyokuwa ikiuza ilinitaka nitoe arabuni ya Sh500,000 ndani ya wiki moja, kwa kuwa alikuwepo mnunuzi mwingine. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akanielekeza kwa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu, akisema fedha hutoka siku hiyo hiyo na hawaulizi maswali. Kweli hawakuuliza. Niliandikiwa mkopo wa Sh500,000, nikapewa mkononi Sh450,000 kwa sababu Sh50,000 zilikatwa na kuitwa ada ya fomu, nikatakiwa kurejesha Sh160,000 kila Jumatatu kwa majuma manne. Dhamana ilikuwa cherehani yangu pamoja na kadi ya benki ya akaunti ninayolipwa korosho, na namba ya siri ya kadi hiyo iliandikwa kwenye kipande cha karatasi mbele ya macho yangu. Ninapokumbuka kipande kile cha karatasi, mwili bado unanisisimka.

Juma la kwanza na la pili nililipa. Juma la tatu wateja wa sare za shule walichelewesha fedha, Jumatatu ikapita, na faini ya Sh10,000 kwa siku ikaanza kuhesabiwa. Siku ya tano walikuja vijana wawili na pikipiki, wakaingia ndani bila kuvua viatu, wakaanza kuifungua cherehani kutoka kwenye meza yake huku watoto wakitazama. Niliwaomba saa mbili tu, nikakimbia hadi kwa mweka hazina wa VICOBA, kikundi chetu cha kijijini cha kuweka na kukopa, naye akakusanya wanakikundi waliokuwa karibu, wakakubaliana kunipa mkopo wa dharura kutoka mfuko wa jamii. Hivyo cherehani ikabaki. Nilipomaliza deni nilikuwa nimelipa Sh640,000 na faini ya Sh50,000 juu yake, yaani Sh690,000 kwa fedha ambazo nilizishika mkononi Sh450,000 tu. Baadaye nilifahamu kwamba wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu na wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mimi nilitozwa zaidi ya asilimia 40 kwa majuma manne, bila hata kuhesabu faini. Orodha ya wenye leseni huwekwa wazi na Benki Kuu, na laiti ningalimwomba mtu mwenye simu nzuri anitafutie, ningaliepuka yote hayo.

Hata hivyo, kadi ile ndiyo iliyonifungulia njia. Waliponirudishia sikuiamini tena, kwa sababu namba yangu ya siri walikuwa nayo, nikaenda benki kuomba kadi mpya. Dada wa dirishani alinishauri nichukue taarifa ya akaunti nihakikishe kwamba hakuna fedha zilizotolewa, akanichapishia kurasa kadhaa. Nilikaa kwenye benchi nikasoma mstari kwa mstari. Kila msimu wa korosho ulikuwa pale, tangu 2017/18, mwaka ambao bei ilikaribia Sh4,000 kwa kilo. Msimu wa 2018/19 ulikuwepo, ambao Serikali ilinunua kwa Sh3,300, na kwangu fedha ziliingia nje ya miezi ya kawaida. Misimu iliyofuata ilikuwepo pia, bei ikishuka na kupanda. Nilikuwa nimezunguka miezi mitano nikiambiwa kwamba sina uthibitisho wa kipato, kumbe uthibitisho wenyewe ulikuwa umelala benki miaka mitano, kwa sababu tu korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, na malipo ya mkulima hupitia akaunti yake.

Katika kurasa hizo kulikuwa na msimu mmoja uliopungua sana, nami niliujua mara moja. Mwaka huo nusu ya korosho zangu nilimpa mtu wa kangomba, mnunuzi asiyepitia ghalani, aliyekuja na fedha taslimu kabla ya minada kuanza, nikauza kwa bei ya chini kwa sababu ya ada ya shule. Hasara ya bei nilikuwa nimekwisha kuisahau. Hasara ya pili niliiona siku ile kwenye benchi la benki, kwamba kwa mtu yeyote atakayesoma karatasi ile, mwaka huo nilikuwa mkulima wa nusu shamba. Anayemshauri mwenzake auze kwa kangomba ili apate fedha za nyumba upesi anamfutia ushahidi pekee alio nao.

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari la mistari, nikachora safu tano: msimu, kilo nilizopeleka AMCOS (chama chetu cha ushirika cha wakulima), tarehe ya mnada, fedha zilizoingia baada ya makato, na gharama za palizi na za salfa, dawa ya mikorosho. Kilo nilizitoa kwenye stakabadhi zangu za mizani, ambazo kwa bahati nilikuwa nikizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, na mbili zilizopotea niliandikiwa nakala na karani wa AMCOS kutoka kwenye leja yake. Fedha nilizilinganisha na taarifa ya benki, shilingi kwa shilingi. Msimu wa kangomba sikuuficha. Niliandika pembeni kwamba nusu ya mavuno iliuzwa nje ya ghala, nikampeleka karani yule yule athibitishe kwamba mikorosho yangu haikupungua. Chini yake nikaandika mapato ya cherehani ya miezi kumi na miwili kutoka kwenye daftari la wateja. Kazi hiyo ilinichukua usiku tatu, na ninaamini kwamba ilikuwa na thamani kuliko safari zangu zote za benki.

Daftari hilo nililipeleka kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo ambacho nilikuwa mwanachama wake tangu 2016. Akiba yangu ilikuwa imefikia milioni 2.3, na kwa utaratibu wao mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, yaani milioni 6.9. Kiasi hicho nilikijua tangu awali. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ratiba ya marejesho inazungumzika. Fomu yao ilikuwa na marejesho ya kila mwezi, sawa kwa sawa, na kila mkulima aliyenitangulia alisaini hivyo, kisha ikifika Machi, fedha za korosho zimekwisha, anakopa kwingine ili kulipa rejesho, na ndipo kausha damu wanapompata. Mimi niliiomba kamati ya mikopo inilipishe riba peke yake kila mwezi kutoka kwenye cherehani, na mkopo wenyewe niulipe kwa awamu tatu, kila minada inapokamilika. Mjumbe mmoja, mzee anayeheshimika sana, aliniuliza, "Binti yangu, mvua ikikataa je?" Nikamfungulia ukurasa wa msimu wa kangomba, nikamwonyesha kwamba hata mwaka ule, kwa nusu ya mavuno tu, fedha zilizoingia zilizidi milioni 2.3. Alilisoma daftari kimya kwa muda mrefu, kisha akampitishia mwenyekiti. Wadhamini wawili walisaini siku iliyofuata.

Riba yao ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na maneno hayo matatu ya mwisho ninawasihi muyaulizie kabla ya kusaini popote. Mwaka wa kwanza nililipa Sh103,500 kila mwezi, mwaka wa pili Sh69,000, mwaka wa tatu inakuwa Sh34,500, na jumla ya riba yote ni Sh2,484,000. Mkopeshaji mwingine alinitajia asilimia 1.5 hiyo hiyo, lakini ikihesabiwa juu ya mkopo mzima hadi siku ya mwisho, na hesabu yake ilifika Sh3,726,000. Asilimia ni moja, tofauti ni zaidi ya milioni 1.2, ambazo kwangu ni salfa ya misimu kadhaa.

Milioni 6.9 za SACCOS, pamoja na milioni 3.1 nilizokuwa nazo ukijumlisha na ile arabuni, zilifanya milioni 10. Zilizobaki, milioni 4, niliwaomba wauzaji wenyewe wanipe muda, milioni 2 kila msimu kwa misimu miwili, bila riba. Watu wengi hawaulizi jambo hili kwa kuona aibu. Nyumba ilikuwa ya urithi, ndugu wanne, mmoja wao akiwa Dar es Salaam, na hakuna aliyetaka kuja kuishi kijijini, hivyo kwao mnunuzi anayejulikana na kijiji kizima alikuwa na uzito. Nami niliweka sharti langu: sitoi fedha mpaka msimamizi wa mirathi anionyeshe barua yake ya Mahakama ya Mwanzo, na ndugu wote wanne wasaini, akiwemo wa Dar es Salaam, ambaye tulimngoja karibu mwezi mzima. Shangazi yangu aliona ninawadharau wafiwa. Sikukubaliana naye, kwa sababu ninawafahamu watu wawili walionunua kwa mrithi mmoja na sasa wako kwenye kesi na wengine.

Uhamisho ulipita kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, muhtasari ukaandikwa, mwenyekiti na mtendaji wakasaini, na hati mpya ya hakimiliki ya kimila ikasajiliwa kwa afisa ardhi wa wilaya. Ardhi ya kijiji iliyouzwa kwa karatasi ya mashahidi wawili chini ya mti, bila idhini ya kikao hicho, mauziano yake ni batili, hata kama fedha zimelipwa zote. Karani aliponiuliza jina la mwenza wa kuandikwa nami, nilimwambia aandike langu peke yangu, akaandika, kwa kuwa sheria inamtambua mwanamke sawa na mwanamume.

Msimu wa 2023/24 ulinibana, nikalipa milioni 2.3 za SACCOS na milioni 2 za wauzaji, nikabaki na fedha za salfa tu. Msimu wa 2024/25 bei ilipopanda na kupita Sh3,000 nilimaliza deni la wauzaji mbele ya mtendaji, tukachana mkataba wa awamu baada ya kugonga muhuri wa "imelipwa" kwenye nakala yangu. Hati ipo kwenye kabati la SACCOS hadi nitakapolipa rejesho la tatu, na kila tarehe tano ya mwezi ninapeleka Sh34,500.