Scrabble na kompyuta: shida ilikuwa kete nilizobakiza

Miezi kama minne sasa nacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga kete zenye herufi na pointi kuunda maneno kwenye bodi, na kompyuta karibu kila usiku kabla sijalala, na kwa muda mrefu nilikuwa nafungwa tu, tena sio kufungwa kidogo, tofauti ya pointi 120, 150, gemu baada ya gemu. Nikajiaminisha shida yangu ni msamiati, yaani hii mashine imewekewa kamusi nzima ndani na mimi nina maneno niliyoyaokota shuleni na vitabuni, nitaiwezea wapi. Kumbe sio hivyo, au tuseme sio hivyo tu, na ndo maana nimekaa kuandika.

Kuna gemu moja niliihifadhi kwa hiyo naikumbuka vizuri. Nilianza mimi. Herufi zangu saba zilikuwa A, E, L, N, P, U, V. Nikaiona PLANE haraka, nikaipanga mstari wa katikati ili P ikae kwenye kiboksi cha kuzidisha herufi mara mbili na E ya mwisho ikae kwenye nyota, pale neno zima linazidishwa mara mbili, jumla pointi 20. Nikaridhika kabisa. Kompyuta haikumaliza hata sekunde, ikaweka kete tatu tu, H, O, W, na wala haikukatiza neno langu kama wengi tulivyozoea, ilizilaza juu yake, sambamba, juu ya zile A, N, E. Sasa soma kwenda chini: HA, ON, WE. Kwa hiyo kuna HOW na kuna hayo matatu mengine, yote yanahesabiwa, na ile O imeangukia kiboksi cha kuzidisha herufi mara mbili kwa hiyo inazidishwa kwenye HOW na inazidishwa tena kwenye ON. Pointi 23. Mimi kete tano nimepata 20, yenyewe kete tatu imepata 23, na HOW ni neno ambalo hata mtu wa wiki ya kwanza ya Kiingereza analijua.

Hapo sikuwa na namna ya kuisingizia kamusi.

Nikaanza kusoma maneno ya herufi mbili, maana bila hayo huwezi kulaza neno juu ya neno. Kwenye kamusi ya Collins inayotumika mashindano ya kimataifa, toka toleo la 2019 yako 127, ni machache, ukikomaa jioni kadhaa unayamaliza. Mengine yanashangaza. AA ni aina ya lava, XU ni hela ya zamani ya Vietnam, QI ni ile nguvu ya uhai ya Wachina na ndo linalokuokoa ukipata Q bila U, halafu kuna ZA, kwao kifupi cha piza, ambalo mimi kila nikiliona naona tu "za" yetu ya habari za asubuhi. Baada ya kuyashika hayo tofauti ilishuka, nikawa nafungwa kwa 60, kwa 70. Ila nikakwama hapo.

Kilichonitoa ni uchambuzi. Programu nyingi za siku hizi baada ya gemu zinakuonyesha kila zamu ungeweza kucheza nini, na mimi nilikuwa naipita hiyo sehemu kwa sababu inauma kusoma makosa yako moja moja. Siku moja nikairudia ile gemu ya PLANE. Zamu ya kwanza tu, ikaniambia VENAL. Neno nalijua! Pale pale nilipoweka PLANE, V inakaa kwenye kile kiboksi cha kuzidisha mara mbili, pointi 24 badala ya 20. Lakini cha muhimu zaidi sio hizo pointi nne, ni kwamba PLANE iliniachia U na V mkononi, wakati VENAL ingeniachia P na U. V ni kete ngumu kuliko inavyoonekana, kwenye Collins haina hata neno moja la herufi mbili, huwezi kuichomeka popote, na mimi niliikumbatia kwa zamu tatu zilizofuata nikihangaika nayo. Yaani nilikuwa naangalia ninachoweka mezani, kompyuta inaangalia na kinachobaki mkononi.

Hili jambo nikalifuatilia. Miaka ya 1980 kulikuwa na programu ya kucheza Scrabble inaitwa Maven, ya Brian Sheppard, baadaye ikaja Quackle, na mwaka 2006 Toronto Quackle ikamfunga David Boys aliyekuwa bingwa wa dunia 1995. Kwa kuwa kompyuta haioni kete zako, inachofanya ni kubahatisha, inachukua herufi zote ambazo hazijaonekana, inakugawia mkono wowote unaowezekana, inacheza zamu kadhaa mbele kwa ajili yako na kwa ajili yake, halafu inarudia tena na tena, maelfu ya mara, inaangalia ni neno gani lililoleta matokeo mazuri kwa wastani. Na kete zinazobaki zina bei. Kete tupu kwa mfano, ile isiyo na herufi unayoifanya herufi yoyote, ina pointi sifuri, lakini mchezaji mzoefu hakubali kuitoa kwa kuongeza pointi kumi tu, kwa sababu ndo inayokufungulia njia ya kumaliza kete zote saba kwa mpigo na kuchukua ile bonasi ya 50. S vivyo hivyo. Mimi nilikuwa natumia S kuongeza wingi kwenye neno la pointi nane, naipoteza hivi hivi, na S ziko nne tu kwenye kete zote 100.

Wanaojua huu mchezo watamkumbuka Wellington Jighere wa Nigeria, bingwa wa dunia 2015 kule Perth, Australia. Wanigeria walisifika kwa kutoogopa kucheza maneno mafupi wakati wengine wanakimbilia marefu. Zamani nilikuwa nasikia hiyo naona kama ni bahati. Sasa naielewa, unacheza kifupi cha pointi za kutosha, mkono unabaki msafi, vokali na konsonanti zimelingana, na mwenzako humfungulii nafasi kwenye bodi.

Jambo jingine lililonigusa, kompyuta haijui maana ya chochote. Kamusi yake imepangwa kama njia za miguu, maneno yanayoanza sawa yanatoka kwenye njia moja, yanayoishia sawa yanakuja kukutana mbele, na mashine inatembea tu herufi kwa herufi kuona njia ipi inafika mwisho. Mpangilio huo wataalamu wa kompyuta Appel na Jacobson waliuandika mwaka 1988 na mpaka leo ndo msingi. Na sio mashine tu, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Namheshimu sana ila mimi siwezi kucheza hivyo na sitaki. Kila neno ambalo kompyuta inaniwekea na silijui, nasimama nalitafuta maana kwanza, hata kama gemu inasubiri.

Ndo nilivyokutana na MZEE.

Sitanii, usiku mmoja kompyuta ikaniwekea MZEE, Z ya pointi 10 ndani yake, nikabaki naitazama skrini. Nikadhani nimebadilisha lugha kwa bahati mbaya. Nikabonyeza maana, ni lile lile letu, limo kwenye Collins, tena wingi wake wameuandika MZEES, na S mkiani! Nikaanza kuyatafuta mengine: BWANA, UHURU, ASKARI, PANGA, DUKA, SAFARI bila shaka. Nilikuwa nayo kichwani toka utotoni na sikuwahi hata mara moja kuyaona kwenye herufi zangu, kwa sababu nilikuwa nikikaa na Scrabble nafunga mlango wa Kiswahili kabisa. Wiki hiyo hiyo nikaweka DUKA kwa roho nyeupe ikakubaliwa, na nilifurahi kuliko neno lolote refu nililowahi kuweka.

Toka hapo nawaza sana Scrabble ya Kiswahili ingekuwaje na kompyuta inayoijua. Alfred Butts, yule msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930 baada ya kukosa kazi, alikaa na magazeti akahesabu herufi moja moja ndo akajua E ziwe ngapi na Q iwe moja. Kwetu mtu angehesabu akute A zimejaa kila mahali, Q na X hazina kazi, C haitembei bila H. Na uchezaji wenyewe ungegeuka. Kiingereza kinaongezwa mkiani, S, ED, ING. Sisi tunaongeza mbele. Weka LIMA kwenye bodi uone: mwenzako anaweka M tu mbele, MLIMA. Mwingine KI, KILIMA. VILIMA, MILIMA. Mkiani ukiongeza O unapata LIMAO. Na tukikubali vitenzi na viambishi vyake, mtu mwenye T, U, L, I anaziweka mbele anapata TULILIMA, kete nne tu na neno lina herufi nane. Kwa hiyo kulinda bodi kungekuwa kulinda upande wa kushoto wa neno na juu yake, nafasi ya mbele ndo ingekuwa dhahabu. Nimechora bodi kwenye daftari najaribu kugawa pointi, kazi bado mbichi, kama kuna mtu ameshaanza kitu kama hiki naomba aniambie tusaidiane.

Juzi nimeshinda. Nimeshawahi kushinda mara mbili tatu kwa kupata kete nzuri ila hii ya juzi ni tofauti. Nilikuwa nimeanza kuhesabu herufi zilizotoka, nina karatasi pembeni nakata moja moja, kwa hiyo mfuko wa kete ulipoisha nikajua kabisa kompyuta ina nini. Na yenyewe ilikuwa inajua nilichonacho, mwisho wa gemu hakuna kubahatisha tena. Zikabaki kete mbili kwangu na moja kwake, na hiyo moja ni Q. Kwenye bodi nzima I yenye nafasi mbele yake ya kutengeneza QI ilikuwa moja tu. Nilikuwa na sehemu nyingine ya kupata pointi sita zaidi, nikaiacha, nikaweka kete yangu pale mbele ya I nikaziba. Kompyuta ikapita zamu. Nikaweka ya mwisho, ubao ukisoma 362 kwangu na 374 kwake, halafu ndo hesabu ya mwisho ikafanyika, 10 za ile Q iliyobaki mkononi mwake zikatoka kwake zikaja kwangu.

372 kwa 364.