Usimkaze sana

Jumamosi jirani alikuwa anahama. Vijana walipomaliza kupakia makabati na vitanda, mmoja wao akapitisha mkanda juu ya mzigo wote, akashika mkono wa chuma na kuanza kukaza. Kra. Kra. Kra. Nikasimama na ndoo yangu ya maji mkononi.

"Baba, mbona umesimama?"

Nikamwambia binti yangu nasikiliza. Naye akatega sikio, akaona hakuna kitu, akaenda zake.

Cha ajabu ni kwamba mlio ule nimeusikia vizuri mara moja tu, ingawa mikanda ya namna ile niliikaza kwa miaka 11. Tumboni mwa Hercules, ndege ya mizigo ya jeshi, hakuna kimya. Kama si injini zake nne, ni gari la kuipa ndege umeme lililoegeshwa ubavuni, au forklifti inayopiga honi nyuma. Mkanda unausikia kwa kiganja: unavuta, meno yanashika, unavuta tena, mpaka mkono wenyewe ukuambie imetosha.

Mbele walikaa rubani na msaidizi wake, navigeta na injinia wa ndege. Mimi nilikuwa msimamizi wa shehena, nyuma, peke yangu na mzigo. Muundo wa ndege hiyo uliruka mara ya kwanza mwaka 1954, na kwenye kikosi chetu hakukuwa na mtu aliyeuzidi umri. Tulibeba vyote: magari, maji, mahema, majeruhi, askari 92 wamebanana kwenye viti vya wavu mwekundu, magoti kwa magoti. Kwangu mimi vyote vilikuwa hesabu. Kila kitu kina uzito wake na mahali pake, na vyote pamoja ndivyo vinavyoamua kitovu cha uzito kikae wapi. Kikirudi nyuma mno, pua inanyanyuka rubani hajaiomba. Kisha unafunga. Mzigo uzuiwe usiende mbele hata ukisukumwa kwa nguvu mara tatu ya uzito wake; kwenda nyuma na pembeni, mara moja na nusu; kwenda juu, mara mbili. Kipimo hicho kilikuwa kimoja, liwe pipa au jenereta.

Siku ile tulitua kwenye kiwanja cha changarawe kuchukua mitungi mitupu na jeneza moja. Pale hatukuwa tukizima injini. Tulikuwa tunapakia panga za injini zikizunguka, tunaondoka. Lakini kapteni alipowaona askari sita wanakuja na jeneza, bendera inataka kupeperuka na mmoja ameibana kwa kiwiko, akazizima zote nne. Hakusema neno kwenye intakomu. Panga zikapunguza mwendo, zikasimama, na kwa mara ya kwanza nikasikia hatua za watu wakipanda mlango wangu wa nyuma.

Wakaliweka chini, kichwa kikielekea mbele ya ndege. Wakapiga saluti, wakashuka. Akabaki kijana mmoja, askari aliyepewa kazi ya kumsindikiza mwenzake. Nikaikunja bendera kuelekea katikati ili mkanda usipite juu yake, nikaingiza ndoano kwenye pete ya sakafu, nikaanza kukaza. Kra. Sauti ikaenda mpaka mbele ikarudi. Kra. Mbao ikalia kidogo.

"Afande, usimkaze sana."

Mkono wangu ukasimama. Mimi kichwani nilikuwa nalikaza. Lilikuwa jeneza, kilo 160, mita kadhaa kutoka mbele. Yeye alisema *usimkaze*. Nilimtazama, naye hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama mkanda pale ulipogusa kona ya mbao. Vumbi lilikuwa limemganda kwenye kope. Mkanda mmoja kama ule unavumilia zaidi ya kilo 2,000, nami nilikuwa na mitano. Kwa hesabu pale ulipofika palitosha, na nilijua hivyo. Lakini mkono ulikuwa bado haujaniambia imetosha.

"Nikimlegeza ataumia," nikamwambia.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Akaitikia kwa kichwa. Nikakaza mara tatu zaidi, polepole, na kila mlio nikaona anafumba macho.

Mengine yalikwenda kama kawaida. Tulipaa, tukaingia kwenye mawingu yaliyotutikisa kwa karibu saa nzima, mitungi ikagongana, jeneza halikusogea hata kidole. Kijana alifungua mkanda wa kiti chake akaenda kukaa sakafuni, kiganja juu ya mbao. Ilikuwa kazi yangu kumrudisha kitini. Sikumrudisha.

Nimeifikiria mikazo ile mitatu kuliko safari nyingine zote, zikiwemo zile ambazo tulikaribia kufa. Siku nyingine naona nilifanya sawa, maana mawingu yalikuja kweli. Siku nyingine naona mtu aliniomba kitu kidogo, kitu ambacho hesabu ilikuwa inaruhusu, nami nikamnyima kwa sababu ya mazoea ya mkono.

Tulipotua nilifungua mikanda. Haifunguki kwa mlio mmoja mmoja kama inavyokazwa. Unabana kishikio, yote inaachia kwa pamoja. Nikaitandaza bendera, nikainyoosha kona zake nne. Chini walikuwa wamejipanga wanangoja. Kijana alisimama karibu nami, macho kwenye fomu niliyokuwa nimeishika.

"Umemwandika kilo ngapi, afande?"

"Mia moja na sitini. Pamoja na jeneza."

Alikaa kimya kidogo. "Alikuwa mwembamba," akasema, kisha akavaa kofia yake, akashuka nyuma yao.