Neno moja, ukurasa wa nne

Jana niliwasilisha pendekezo langu la utafiti wa shahada ya umahiri mbele ya wahadhiri wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilidhani maswali magumu yangehusu nadharia, kwa hiyo nilikesha nayo siku tatu. Kumbe Profesa mmoja, kalamu nyekundu mkononi, alituama kwenye neno moja tu, "tungo", akataka nimweleze kwa nini katika ukurasa wa nne linamaanisha sentensi na katika ukurasa wa tisa linamaanisha shairi. Sikuwa na jibu. (Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, lakini shati langu lililowa jasho.)

Nikishuka ngazi nilikumbuka kwamba ukali huo una asili ndefu. Chuo kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia huku Mlimani mwaka 1964. Lakini kazi ya taasisi yetu inaanzia kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ambayo baadaye ikawa TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, waliotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kamusi haiandikwi na watu wanaoona haya kubishania neno mojamoja.

Nimepewa wiki mbili za marekebisho. Tangu asubuhi nimo maktaba, na bado niko ukurasa wa nne.