Mtihani wa bamvua

Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya zamani nyumbani nikakutana na jibu moja la mtihani wa jiografia wa fomu tuu, yani jibu lenyewe halipo, ni nafasi tupu tu. Swali lilikuwa linataka mwanafunzi aeleze tofauti ya springi taidi na nipu taidi, alama sita. Mwenye karatasi namkumbuka vizuri, msichana mpole wa mstari wa nyuma, na wiki ile ile ya mtihani alikosa vipindi vya asubuhi siku mbili mfululizo kwa sababu alishuka na mama yake kwenye shamba la mwani, bamvua (siku zile maji yanapotoka sana na kujaa sana) lilikuwa zuri na mama hana msaidizi mwengine. Sasa fikiria hilo. Mtoto anakosa skuli kwa sababu ya bamvua, alafu anakosa alama sita kwa sababu eti hajui bamvua.

Nilimwita nje ya darasa wiki iliyofuata, wala sio kumgombeza, nikamuuliza maji leo yanakauka saa ngapi. Hata hakufikiri. "Leo mwezi nane mwalimu, maji mafu, yanapwa alasiri kidogo tu, hata hamna mtu atakaeshuka." Yani siku ya nane toka mwezi uandame. Nikamuuliza na siku sita mbele? Akahesabu kwa vidole, "mwezi kumi na nne... asubuhi, saa tatu na nusu hivi kwenda saa nne, hapo tutashuka." Nikabaki namtizama. Huyu mtoto ana jedwali zima la maji kichwani, la mwezi mzima, hajaliandika popote wala hajalikariri, kalipata kwa kutembea nyuma ya mama yake toka ana miaka minne. Nikamwambia hayo maji mafu ndo nipu taidi, na bamvua ndo springi taidi. Akanitizama kama mtu alieibiwa kitu chake alafu anauziwa. Akasema tu, "Kumbe ndo hayo?"

Ndo hayo. Na mimi nilikuwa nimeshafundisha ile topiki miaka mitatu bila kulitaja neno bamvua hata mara moja, kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na nilidhani namsaidia mtoto nikimzoesha maneno atakayokutana nayo kwenye mtihani. Darasa lile lile kuna walioandika springi taidi ni maji ya msimu wa machipuko Ulaya, na mmoja aliandika kuhusu springi za godoro zinavyopanda na kushuka. Hawakuwa wavivu hao, walikuwa wanatafuta maana kwa nguvu zote ndani ya neno ambalo halijawahi kuwaambia chochote. Wakati sisi neno pwani lenyewe limetoka kwenye kupwa, pwani ni pale maji yanapopwa, yani tumeiita nchi yetu nzima kwa jina la maji kutoka.

Basi nikaamua topiki ile haifundishwi tena ndani. Tukaomba upondo mkuukuu, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kwa mzee mmoja mwenye ngalawa, tukaupaka rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 10, tukausimika pale ngalawa zinapofungwa na watoto wakapeana zamu, wawili wawili, daftari na saa ya simu, kila nusu saa wanaandika maji yamefika alama gani. Jumamosi na Jumapili kutwa nzima, siku za skuli baada ya vipindi, na wapo waliokwenda alfajiri baada ya sala bila ya mimi kuwaambia. Wiki mbili hivo. Alafu tukachora kwenye karatasi ya manila na ile mistari ikatoka kama mawimbi, mikubwa ikawa inapungua, inapungua, mpaka midogo kabisa, alafu inaanza kukua tena. Watoto walikaa mbele ya ile karatasi muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwaona wakikaa mbele ya ubao.

Lakini siku za bamvua daftari lilikuwa na mapengo. Maji yalikimbia yote upondo ukabaki mkavu juu ya mchanga, huku kwetu mashariki ya Unguja maji yakitoka khasa unatembea mpaka karibu na mwamba, na watoto wakanambia mwalimu tumekosea pahala pa kuusimika. Kweli tulikosea, na nikafurahi tulikosea, maana hapo ndo nilipata nafasi ya kuwaambia kuhusu kipimo cha bandarini Malindi, pale mjini Unguja, ambacho kinapima usawa wa bahari toka mwaka 1984, kimewekwa penye kina ili kisikauke, na takwimu zake zinakusanywa mpaka kituo cha chuo kikuu cha Hawaii pamoja na za bandari nyingine za dunia. Mjini pale tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua inafika kama mita 4, na maji mafu inashuka mpaka kama mita moja tu. Walishangaa sana kwamba maji yetu yana daftari Hawaii. Mmoja akauliza sasa mbona sisi hatujawahi kuoneshwa hilo daftari, nikamwambia lipo wazi kwenye intaneti, yoyote anaweza kulitizama, na tukalitizama kwenye simu yangu kumi na tano tumebanana.

Swali zito kuliko yote halikutoka kwa mwanafunzi. Lilitoka kwa yule mzee wa upondo. Alikuja kutizama tunafanya nini na mti wake, akakaa, akasema wanangu, bamvua huku linakauka saa nne, saa tano asubuhi, toka enzi za babu yangu, maji yanajaa saa kumi jioni. Kila siku maji yanachelewa, leo hivi kesho hivi, lakini bamvua likirudi linarudi saa ile ile. Kwanini halikauki saa moja asubuhi hata siku moja? Amelibeba swali hilo miaka sitini baharini na hakuna aliewahi kumuuliza anajua nini wala anataka kujua nini.

Siku ile jibu sikuwa nalo kamili. Nikampigia jamaa yangu mmoja anaefanya utafiti wa bahari, akanitumia sauti ndefu ya wasapu, na kesho yake tukalifanya pamoja na watoto na mzee yupo. Mwezi unachelewa kila siku kama dakika 50, na maji yanaufata mwezi kwa hiyo na yenyewe yanachelewa kama dakika 50. Bamvua hadi bamvua ni siku 15 kasoro kidogo. Mtoto mmoja akapiga hesabu pale pale kwenye mchanga: 50 mara 15 ni 750, dakika 750 ni masaa 12 na nusu. Na maji kujaa hadi kujaa tena ni masaa 12 na dakika 25. Yani yakishachelewa wiki mbili yanakuwa yamechelewa kujaa kuzima, kwa hiyo yanaangukia saa ile ile. Alafu kwanini iwe saa kumi na sio saa nyingine: siku za bamvua jua na mwezi wako kwenye mstari mmoja na dunia, mwezi mwandamo uko upande wa jua na mwezi mpevu uko upande wa pili, ndo maana wanavuta pamoja, na siku hizo mwezi unapita juu yetu karibu na saa sita, ya mchana au ya usiku, na maji ya kwetu yanafika kilele kama masaa manne baadae. Hayo masaa manne ni ya pwani yetu, umbo la bahari na kina chake ndo yanaamua, bandari nyingine ina masaa yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Basi jua nalo limo." Akarudia, jua nalo limo, alafu akaondoka kwenda kufungua ngalawa yake.

Mimi ndo nataka sayansi ya bahari ifundishwe hivo, na najua sio mimi wa kwanza. Kisiwani Chumbe, kwenye hifadhi ya bahari karibu na Unguja, wanawapeleka watoto wa skuli kuona matumbawe na msitu toka miaka ya 90, na walinzi wao wa mwanzo walikuwa wavuvi, watu wanaolijua tumbawe kabla hawajaambiwa jina lake la kitabuni. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja toka 1978. Na mwani wenyewe, huu unaolisha nusu ya darasa langu, ulianza kama utafiti. Profesa Keto Mshigeni alikuwa anauchunguza mwani wa pwani hii toka miaka ya 70, kilimo cha biashara kikaanza upande wa Paje na Jambiani 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wanaolima ni kinamama. Alafu Dk Flower Msuya akaja akakaa nao hao kinamama miaka na miaka, maana kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa, maji ya kina kifupi yanapata moto sana jua likiwaka, matawi yanageuka meupe yanakatika, na wakulima wengi ikabidi wabaki na spinosamu ambao bei yake ni ndogo. Yeye akajaribu nao kulima kwenye kina kirefu kwa kutumia nyavu, akawafundisha kusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza gunia tu. Hilo la kina kirefu lina tabu yake, wengi hawajui kuogelea. Lakini angalia, hapo utafiti haukuishia kwenye jarida, mama anaushika mkononi akiwa anafua.

Ninaposhindwa kunyamaza ni kwa wale wengine. Mwaka mmoja walikuja watu kijijini, sitaji wa wapi, na vyombo vyao vya kupima joto na chumvi, wakachukua sampuli, wakawauliza kinamama maswali kurasa nyingi wakati maji yanajaa na kazi haijaisha, wakaahidi kurudi na majibu. Hawakurudi. Kwenye kikao cha wazazi mama wa yule msichana wangu akasimama akaniuliza mimi, mwalimu, wale waliopima maji yetu waliona nini? Nikaitafuta ripoti nikaipata mtandaoni, ya Kiingereza, na muhtasari tu ndo wa bure. Niliutafsiri huo muhtasari nikausoma barzani jioni, na kinamama walisikiliza kwa makini na wakasahihisha vitu viwili humo ndani. Viwili! Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe pale kwenye mizani ya mwani, utagharimu nini kwa watu walioweza kulipia boti na hoteli?

Na kuna sababu nyingine inayonikosesha usingizi. Tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa bado mwanafunzi. Tetemeko la Sumatra, Indonesia, lilitokea asubuhi ya kwao na mawimbi ya tsunami yalichukua zaidi ya masaa saba kufika pwani ya Afrika Mashariki. Kenya waliona habari wakawaondoa watu fukweni Mombasa, na alikufa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300. Tanzania pia watu walipoteza maisha. Siku ile ilikuwa mwezi mpevu, bamvua, na kwa saa zile za mchana maji ya kwetu yalitakiwa yawe yanaanza kujaa taratibu kama kawaida yake. Mtu anaejua saa za maji ndo mtu pekee ufukweni anaeweza kuona bahari inafanya kitu ambacho sio saa yake, inatoka wakati wa kuingia, au inaingia kwa kasi isiyo yake, na akakimbiza watoto juu bila kusubiri simu. Agosti 12, 2020 lilipopiga tetemeko chini ya bahari karibu na Dar es Salaam, la ukubwa wa karibu 6, watu walitoka nje usiku na grupu za wasapu zikajaa maneno kwamba mawimbi yanakuja, hakuna anaejua amuamini nani. Kesho yake darasani nilitupa mpango wa siku ile tukazungumza hilo tu: ukihisi ardhi inatikisika sana au muda mrefu na wewe uko pwani, usingoje, panda juu. Na ukiona bahari inatoka saa isiyo yake, usifate samaki waliobaki, panda juu. Sio kila mara bahari inatoka kwanza, hilo nalo niliwaambia.

Yule msichana sasa yuko fomu foo. Daftari la upondo analo yeye, anawapangia zamu wadogo zake, na mwaka jana aliniletea kitu ambacho sikumwambia mimi: bamvua la Septemba lilipita alama ya juu kabisa, lile la Julai halikufika. Nikamwambia jua linapokuwa karibu na ikweta, Machi na Septemba, ndo bamvua linakuwa kubwa kuliko yote. Akaniuliza mbona mama anasema hivo hivo lakini yeye anahesabu kwa pepo za kaskazi na kusi? Tukakaa chini na kalenda mbili, ya mwezi na ya jua, mpaka kengele ikalia.

Tatizo sasa ni upondo, mfupi, bamvua la mwezi wa tatu litauzamisha wote. Mzee kasema anao wa mita tano, umekaa bandani toka ngalawa yake kubwa ilipouzwa. Jumamosi tunakwenda kuuchukua, rangi tunayo.