Usiku wa tatu kibandani

Usiku wa kuamkia Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda tulichojenga kwa ajili ya Vibanda, sikukuu ya Biblia. Upepo wa Dodoma haujatulia tangu jioni na mabua ya uwele tuliyoezekea yanachakarika juu ya kichwa changu. Hatukuyabananisha. Desturi ya Wayahudi ni kwamba paa liwe la kitu kilichoota ardhini, kivuli kizidi jua, lakini usiku nyota zionekane. Hapa nilipojinyoosha nahesabu tano, sita, kisha bua linasogea, nazipoteza.

Juzi, usiku wa kwanza, mwezi ulikuwa mpevu kabisa. Binti yangu akauliza, "Mama, kwani sikukuu hii lazima iwe na mbalamwezi?" Lazima. Vibanda huanza siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, na mwezi wa Kibiblia huhesabiwa tangu kuandama. Na siku yenyewe huanza jua likizama, jambo ambalo sisi hatukuhitaji kufundishwa na mtu: saa zetu ndivyo zinavyohesabiwa, na bado tunasema "usiku wa kuamkia". Ikawa jioni, ikawa asubuhi.

Huu ni mwaka wa nne tangu tuanze kuzishika sikukuu za Walawi 23 hapa nyumbani. Kabla ya hapo maombi yangu yalifuata shida. Ada ikikaribia, nafunga. Mtoto akiumwa, nakesha. Shida ikipita, Biblia inarudi kwenye mkoba mpaka Jumapili. Nilimpenda Mungu, hilo sina shaka nalo, ila nilimtafuta siku nilizoziona mimi zinafaa.

Mimi nauza maandazi asubuhi. Kwa hiyo Pasaka, ile ya Walawi, ndiyo iliyonigusa kwanza, tena mfukoni. Siku saba nyumba isiwe na chachu: hamira yote inatoka, kabati linafutwa, bakuli la kuumulia unga linasuguliwa mpaka kwenye ukingo ule unaoficha ukoko. Mwaka huu siku hizo ziliangukia 13 hadi 19 Aprili, juma lilelile kanisani tulikuwa tunaelekea Ijumaa Kuu. Nikauza mihogo ya kuchemsha. Wateja waliniuliza kila asubuhi, "Mama, maandazi vipi?" Nyumbani tulikula chapati, unga na maji na chumvi na mafuta kidogo, na watoto hawakulalamika.

Paulo anaandika kwamba chachu kidogo hulichachua donge zima. Mstari huo niliusikia tangu utotoni, lakini mikono yangu inaujua zaidi ya masikio. Saa kumi alfajiri nakanda donge, nalifunika kwa kitambaa, nageuka kuwasha mkaa. Nikirudi, donge limeinua kitambaa. Hakuna aliyeligusa. Nikiwaza chuki iliyofunikwa vizuri moyoni, naliona donge lile.

Kilichonishangaza zaidi nilikikuta mbele kidogo. Baada ya mganda wa malimbuko, yaani wa kwanza wa mavuno, unahesabu majuma saba, siku ya hamsini ni Pentekoste, na siku hiyo inaletwa mikate miwili mbele za BWANA, nayo imetiwa chachu. Soma mwenyewe, Walawi 23:17. Kitu kilichofukuzwa nyumbani wakati wa Pasaka kinakaribishwa! Nilipouona mstari huo mara ya kwanza nilinyamaza muda mrefu, maana hamira ndiyo riziki yangu. Na kabla sura haijaendelea na sikukuu nyingine, katikati hapohapo, kuna agizo la mstari wa 22: usivune pembe za shamba, mwachie maskini na mgeni. Shamba sina. Nina beseni. Basi Pentekoste maandazi ya mwisho ya beseni siyauzi, na wapo wazee wawili mtaani wanaoijua siku hiyo sasa.

Yerusalemu majira yale ni mavuno ya ngano. Huku kwetu ni uwele na mtama. Nilidhani kalenda ya Israeli ingekuwa ngeni kwenye ardhi hii, na hakika si kila kitu kinalingana, lakini kwa Dodoma inakaribiana kuliko nilivyotegemea. Hata sasa, Oktoba, wao wanasubiri mvua baada ya kiangazi kirefu, nasi tunaisubiri. Torati inasema Vibanda vishikwe baada ya kukusanya vya sakafu ya kupuria na vya shinikizo la zabibu, nami niko kwenye mkoa wa zabibu.

Mwezi wa saba una uzito wake. Kutoka sikukuu ya Baragumu mpaka Siku ya Upatanisho ni siku kumi, na Wayahudi huzitumia kutengeneza na watu waliokosana nao. Mdogo wangu na mimi hatukuwa tumesemezana tangu tulipogawana shamba la baba. Siku ya saba kati ya hizo kumi nilimpigia. Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Nilikukosea pale mbele ya wajomba." Akanyamaza. Akasema, "Nimesikia, dada." Kisha akaniuliza bei ya unga huku mjini, nikamwambia, tukaagana. Siku ya Upatanisho nilifunga tangu magharibi hadi magharibi, na sala yangu kubwa ilikuwa ile simu. Pasingekuwa na tarehe, ningesema nitampigia wiki ijayo. Nilikuwa nimesema hivyo miaka mitatu.

Wapo wanaozishika sikukuu hizi na kuwasema vibaya wanaosherehekea Krismasi. Sitaki kuwa huko. Paulo kwa Wakolosai amelikataza hilo, mtu asimhukumu mwenzake kwa sikukuu wala mwandamo wa mwezi. Jumapili tuko kwenye kanisa letu la Anglikana kama kawaida, na Krismasi tunapika pilau. Kristo ndiye Pasaka wetu, kwa hiyo kwangu siku hizi zote zinamhusu yeye. Hata pale Yohana 7 aliposimama na kupaza sauti, mwenye kiu aje anywe, ilikuwa siku ya mwisho ya Vibanda hivihivi.

Mama alikuwa na wasiwasi. Mwaka wa kwanza alinipigia kutoka Hombolo: "Mwanangu, mmekuwa Wayahudi?" Nilimweleza, akaguna. Leo amekuja mwenyewe, na kuku na mfuko wa karanga. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye kibanda. Akakizunguka, akashika nguzo, akamwambia mume wangu kwamba kamba ile ya upande wa mashariki imefungwa vibaya. Akaifungua, akaifunga upya. Tulipokaa mkekani akasema walilala hivi yeye na bibi, kwenye dungu shambani, kulinda uwele nguruwe pori wasiumalize, na bibi alikuwa anaomba kwa sauti usiku kucha ili wanyama wajue kuna watu.

"Bibi alikuwa anaomba nini?" binti yangu akauliza.

Mama akaanza kumwimbia kwa Kigogo. Sasa hivi wote wawili wamelala hapa, khanga moja, na kamba ya mashariki haijalegea.