Maji baridi yanayoficha nyambizi

Huu ni mwaka wa kumi na moja naongoza wapiga mbizi hapa kisiwani Mafia, na kuna kitu sijaacha kukishangaa. Ukishuka nje ya mwamba mwishoni mwa kaskazi, maji ni vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Mita 10, mita 15, bado joto. Ukivuka 20, vidole vya miguu vinaingia kwenye baridi ghafla, kifua kikiwa bado kwenye joto. Ukitazama pale yanapokutana, maji yanatetemeka kama hewa juu ya bati saa saba mchana. Mimi husimama hapo hapo, nanyoosha mkono chini, nautoa, naurudisha. Wageni tukifika juu huniuliza nilikuwa natafuta nini.

Nilikuja kujua kwamba majeshi ya majini yamekuwa yakiutafuta mpaka huo tangu kabla babu yangu hajaoa.

Miaka ya 1930, Wamarekani walikuwa wakijaribu sona karibu na Guantanamo, Cuba. Sona hupiga mlio majini, mlio ukigonga kitu unarudi. Asubuhi waliisikia nyambizi vizuri. Alasiri waliikosa, nayo iko karibu vile vile. Jibu lilikuwa kwenye jua. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, lakini kwenye maji ya joto hukimbia zaidi na kwenye baridi hupunguza mwendo, kwa hiyo hupinda kuelekea upande wa baridi. Jua likishapasha maji ya juu, mlio wa meli unapinda kwenda chini, na mbele yake panabaki mahali usipofika kabisa. Kivuli cha sauti. Nyambizi ikikaa humo, meli inapita isijue kitu.

Basi mwanasayansi Athelstan Spilhaus akatengeneza kifaa cha kushushwa kwa waya, chenye sindano inayochora joto na kina kwenye kioo kidogo kilichofukizwa moshi. Vita Kuu ya Pili ilipofika, manowari zilikuwa nacho, na nyambizi nazo zikafungiwa cha kwao, ili nahodha ajue ajifiche wapi.

Babu alikuwa nahodha wa jahazi, akibeba boriti kutoka Rufiji. Kioo cha moshi hakuwa nacho, alikuwa na bildi, kipande cha risasi kwenye kamba ya kupimia kina. Chini ya ile risasi alipaka nta, ikipanda anaiangalia na kuipapasa kwa kidole: pima tatu, matope, pima mbili, mchanga. Kwa hilo tu alijua yuko mlango gani wa delta. Ndiyo maana kisa cha Königsberg alikisimulia kama jambo la kwao. Ile manowari ya Wajerumani ilijificha Rufiji mwaka 1914 kwa sababu meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imeshapima mikondo ile, na Waingereza hawakuwa na ramani ya kuaminika. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakarusha ndege kutoka hapa kwetu kuitafuta, na Julai 11 meli mbili za kina kifupi zikaimaliza. Miezi yote hiyo, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umetia bildi na mwingine haukutia.

Siku hizi bildi inajiendesha yenyewe. Mwaka 2003, bandari ya Umm Qasr nchini Iraq ilipokuwa inasafishwa mabomu ya kutegwa majini, Wamarekani waliingiza vyombo vidogo viitwavyo REMUS. Vinakwenda na kurudi kwa mistari kama mtu anayelima matuta, vikipiga picha za chini kwa sauti. Nimewahi kupiga mbizi kwenye tope ambamo sioni saa mkononi. Kumwambia binadamu akapapase bomu humo ni jambo zito mno, na kwa kazi hiyo navishukuru vyombo hivyo kwa moyo wote.

Lakini ninayoipenda ni glaida, chombo kingine cha chini ya maji kinachojiendesha. Ina urefu wa kama mita moja na nusu, na ile ya kawaida haina propela. Inavuta maji kidogo puani, inakuwa nzito, inashuka. Inayasukuma nje, inapanda. Mabawa yanageuza kushuka na kupanda huko kuwa mwendo wa kwenda mbele. Ikifika juu inatuma kwa setilaiti ilichopima: joto, chumvi, kina. Majuma mengi, bila mtu. Desemba 15, 2016, meli ya Marekani Bowditch ilikuwa inataka kuopoa glaida zake mbili baharini upande wa Subic Bay, Ufilipino, wanamaji wa China wakashusha boti wakachukua moja. Iliwachukua siku tano kuirudisha. Nchi mbili kubwa zikabishana juu ya kipimajoto, na naona zilikuwa na haki ya kubishana.

Tangu nisome hayo nimeanza daftari. Kompyuta ya kupigia mbizi ninayoivaa mkononi inanipa joto na kina, nami nikipanda botini naandika kabla sijavua suti. Jumanne, saa nne asubuhi: juu nyuzi 29, baridi imeanza mita 23, nyuzi 26. Jumatano, sehemu ile ile, saa tisa: mita 21.

Alhamisi ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana. Nitashuka mara mbili.